Somo: Puto la mrija halijazwi kwa kukisia

Wenzangu wa nusukaputi hapa Kisumu na kaunti jirani, leo tunashika kulijaza puto la mrija wa kupumulia, ule tunaoupitisha mdomoni hadi koo la hewa, puto likiziba pembeni yake. Ni jambo la nusu dakika ambalo mgonjwa anaweza kulibeba kooni siku nyingi. Niliwahi kumlaza mama mmoja, mwimbaji wa kwaya. Upasuaji ulikwenda vyema. Kesho yake wodini aliitikia salamu yangu kwa mnong'ono, mkono kooni. Puto la mrija wake nilikuwa nimelijaza sirinji nzima ya mililita 10, bila kupima.

1. Chagua mrija kabla mgonjwa hajalala. Mwanamke mzima mara nyingi namba 7 (kipenyo cha ndani kwa milimita) humtosha, mwanamume 7.5 au 8. Jaribu puto, kisha litoe hewa yote.

2. Stileti, ule waya wa ndani unaoupa mrija umbo, isichomoze nje ya ncha ya mrija, na itolewe mara ncha inapopita nyuzi za sauti. Mrija ukikwama usiusukume kwa nguvu. Chukua mdogo.

3. Jaza puto kidogo kidogo, likiziba acha. Hakikisha kaboni dayoksaidi inaonekana kwenye mashine kila pumzi, sikiliza mapafu yote mawili, kisha funga mrija.

4. Sasa pima kwa manometa, kifaa cha kupimia shinikizo la hewa ndani ya puto. Tunataka shinikizo la sentimita 20 hadi 30 za maji. Chini ya 20, mate na matapishi hupenya kuelekea mapafuni. Ukizidisha 30, damu huanza kupungua kwenye utando wa koo la hewa, na ukikaribia 50 hukaribia kukatika kabisa. Kubonyeza kwa vidole kile kiputo cha nje kilichounganishwa na puto, kama tulivyozoea wengi, hudanganya hata mkono wa miaka ishirini. Rudia kupima kila nusu saa, na kila mnapomgeuza mgonjwa au kusogeza shingo. Kama unatumia naitrasi oksaidi, gesi ya nusukaputi, usiache kupima kamwe, kwa sababu gesi hiyo hupenya ndani ya puto na kulijaza polepole.

5. Wakati wa kutoa: fyonza mate huku ukiona unakofyonza, toa hewa yote ya puto, ndipo uvute.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, kituoni kwetu hatuna manometa. Tufanyeje?
Mpulizie mgonjwa pumzi huku umeweka stetoskopu shingoni. Punguza hewa ya puto mpaka usikie mvumo wa kuvuja, kisha ongeza nusu mililita kwa nusu mililita mpaka unyamaze. Hapo simama. Lakini endeleeni kuidai manometa, hii ni njia ya dharura.

Koo likiuma baada ya upasuaji nimwambie nini mgonjwa?
Mwambie ukweli kabla hajalala: koo huweza kuuma siku mbili tatu. Sauti isiporudi ndani ya wiki moja au mbili, apelekwe kwa daktari wa koo. Akianza kukoroma anapovuta pumzi, hiyo ni dharura ya saa hiyo hiyo.

Tukimpeleka mgonjwa Eldoret na mrija wake kwa ambulensi, kuna la kuangalia?
Lipo. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya bahari, Eldoret 2,100 hivi. Mnapokwea milima ya Nandi hewa ndani ya puto hutanuka, nalo hukaza bila mtu kuligusa. Pima kabla ya kuondoka, simameni Kapsabet mpime, pima tena mkifika. Anayemleta mgonjwa huku chini apime vilevile, maana kwake puto hulegea na mate yakapita.