Kumfundisha mtoto baiskeli: anza kwa kung'oa pedeli

Wazazi wengi wanaoniletea baiskeli za watoto wanataka niwafungie vigurudumu vya pembeni. Nafunga, maana ndiyo kazi, ila nawaambia wazi kwamba hela hiyo ingetosha kununua kofia ngumu. Baiskeli inasimama kwa sababu ikielemea kushoto, mwendeshaji anakata usukani kushoto kidogo, na magurudumu yanarudi chini ya mwili wake. Yenye vigurudumu hivyo haielemei, kwa hiyo mtoto hajifunzi kitu hicho hata akiizungusha mtaani mwaka mzima. Kukanyaga pedeli si kazi. Kazi ni balansi.

Hatua ya 1: Baiskeli imtoshe

Usinunue kubwa eti "ataikulia". Kwa kukadiria, gurudumu la inchi 12 ni la mtoto wa miaka 3 hivi, 16 wa miaka 5, na 20 wa miaka 7, lakini amini miguu yake kuliko umri. Shusha siti mpaka akikaa nyayo zote zikanyage chini na magoti yakunjike kidogo. Ikigoma kufika hapo, subiri mtoto arefuke au tafuta nyingine.

Hatua ya 2: Ng'oa pedeli

Nyingi zinafunguka kwa spana namba 15. Hapa ndipo watu wanaharibu nyuzi: pedeli ya kulia inafunguka kama nati ya kawaida, ya kushoto inafunguka kinyume. Ukichanganyikiwa, simamisha spana ielekee juu kisha ivute kuelekea gurudumu la nyuma. Pande zote mbili zinafunguka hivyo. Zihifadhi pamoja, na usichanganye; mara nyingi zimeandikwa L (kushoto) na R (kulia).

Hatua ya 3: Uwanja na mavazi

Mchanga hapana, unashika gurudumu. Majani marefu nayo yanachosha. Tafuta udongo ulioshindiliwa au eneo la lami lisilopita magari, lenye mteremko mdogo sana. Kofia ikae vidole viwili juu ya nyusi, mkanda ubane. Viatu vya kufunika vidole. Mguu wa kulia wa suruali ukunjwe, kwa kuwa mnyororo uko upande huo, na gauni refu lisubiri siku nyingine.

Hatua ya 4: Atembee, kisha ateleze

Akae kwenye siti na kutembea kwa miguu, baiskeli katikati. Kisha hatua ndefu, kisha ajisukume kwa miguu yote miwili na kuinyanyua. Mwambie atazame mbali, kwa mfano mti au goli, asitazame gurudumu.

Wewe usishike usukani wala siti. Ukishika baiskeli, wewe ndiye unayeibalansi. Kama anaogopa, weka mikono karibu na makwapa yake bila kumbeba. Babu na mashangazi wanaopiga kelele "kanyaga! kanyaga!" wapewe viti mbali.

Wapo wanaoiweza hatua hii asubuhi moja, wapo wanaohitaji wiki kadhaa. Akichoka au akinuna, mrudi nyumbani.

Hatua ya 5: Breki

Kabla ya pedeli kurudi, atembee pembeni ya baiskeli akibana breki polepole. Bana kila mkono uone unashika gurudumu lipi, maana za mtumba hazifanani, halafu umzoeze kuanza na ya nyuma. Vidole visipofika, mkononi mwa breki huwa kuna skrubu ndogo ya kuusogeza karibu. Breki ya miguu, ile ya kukanyaga pedeli kinyumenyume, ataijifunza pedeli zikirudi.

Hatua ya 6: Rudisha pedeli

Fanya hivyo akishaweza kuteleza mita kama kumi miguu ikiwa juu, na kukata kona. Anza kufunga kwa vidole, spana baadaye. Ikikataa kuingia kwa vidole, upande si wake.

Pedeli moja iwe juu, mbele kidogo. Kwa baiskeli ya breki ya miguu pedeli hairudi nyuma, hivyo nyanyua gurudumu la nyuma uizungushe kwenda mbele mpaka ifike hapo. Mguu mmoja juu ya pedeli, mwingine chini: akandamize, apate mwendo, mguu wa pili ufuate. Akisitasita taratibu atayumba, kwani mwendo mdogo mno ndio unaoangusha.

Akizoea kuondoka na kusimama mwenyewe, pandisha siti kidogo kidogo mpaka vidole vya miguu tu viguse chini.