Jinsi ya kuchagua bunduki ya mitutu iliyopandana kwa kulenga visahani

Nafundisha kulenga visahani vya udongo vinavyorushwa hewani hapa Uingereza, kwa bunduki yenye mitutu miwili, mmoja juu ya mwingine, na Waswahili wenzangu wanaojiunga na klabu huanza na swali lile lile: "Mwalimu, ninunue Beretta au Browning?" Nawajibu: nunua inayokukaa. Bunduki ya marisau, yaani inayotoa vipande vingi vidogo kwa mpigo mmoja, haina kilengeo cha nyuma. Kilengeo hicho ni jicho lako, na kitako ndicho kinacholiweka jicho mahali pake. Kitako kikikosea, jina lililochongwa ubavuni halikusaidii.

Hatua ya 1: Azima kwanza

Kwa sheria ya hapa huwezi kununua bila cheti cha bunduki ya marisau kutoka polisi, na cheti hudumu miaka 5. Lakini klabu zenye kibali maalumu huruhusu asiye na cheti kufyatua akiwa uwanjani. Tumia muda huo wa kungoja cheti kujaribu bunduki nne au tano za klabu. Shika kila bunduki kana kwamba ina risasi, hata ukiwa umeifungua mwenyewe sasa hivi.

Hatua ya 2: Jua jicho lako kuu

Nyoosha mikono, kutanisha viganja uache tundu dogo katikati, kisha tazama kitasa cha mlango kupitia tundu hilo. Funga jicho la kushoto. Kitasa kikibaki palepale, jicho lako kuu ni la kulia. Kikipotea, ni la kushoto.

Wengi hulipuuza jambo hili na kuhangaika miezi. Ukifyatulia bega la kulia huku jicho kuu likiwa la kushoto, marisau yatapita kushoto mwa kisahani, na hutajua kwa nini. Hamia bega la kushoto kama bado u mgeni wa mchezo, au bandika kipande kidogo cha utepe kwenye kioo cha kushoto cha miwani yako.

Hatua ya 3: Amua utacheza nini

Michezo ya visahani ni kama trapu, skiti na spotingi. Katika trapu visahani hukukimbia vikipanda, kwa hiyo watu hupenda mitutu ya inchi 30 au 32 na kitako cha juu kidogo. Katika skiti vinapita karibu na kwa kasi, na inchi 28 hutosha. Spotingi huchanganya kila kitu, hata kisahani kinachobingirika ardhini kama sungura. Kama hujui, chukua bunduki ya spotingi ya inchi 30 yenye choki za kubadilisha. Choki ni ule mbano wa mdomo wa mtutu: kwa mita 36 hivi, choki iliyobana kabisa hupeleka takriban asilimia 70 ya marisau ndani ya duara la inchi 30, na mtutu usio na mbano karibu asilimia 40. Kwa spotingi ya kawaida, choki ya robo kwenye mtutu wa chini na ya nusu kwenye wa juu zinatosha. Mtutu wa chini hufyatuliwa kwanza kwa sababu teke lake, yaani msukumo wa kurudi nyuma, huingia begani moja kwa moja, na mdomo haunyanyuki sana kabla ya risasi ya pili.

Geji, yaani kipimo cha upana wa mtutu, iwe 12, hata kama una mwili mdogo. Risasi ya gramu 24 katika bunduki ya kilo 3.5 hupiga teke la upole, na risasi za geji hiyo hupatikana kila klabu.

Hatua ya 4: Pima kitako

Hapa usiwe na haraka.

Hakikisha bunduki ni tupu. Fumba macho, ipandishe begani na shavuni kama unavyofanya siku zote, kisha fumbua. Kama ina shanga mbili (vitufe vidogo vya kulengea) juu ya mtutu, ya mbele ikae juu ya ile ya kati, zifanane na tarakimu 8. Ukiona mgongo wa bunduki tu, kitako kiko chini na utapiga chini. Ukiona sehemu ndefu ya ukanda wa juu ya mtutu, kiko juu na utapiga juu.

Kisha tazama pua yako. Kati yake na kidole gumba kibaki nafasi ya vidole viwili au vitatu. Kitako kirefu hunasa kwenye nguo kwapani, na kifupi huleta gumba usoni.

Bunduki yangu ya kwanza ilikuwa ya trapu, kitako kirefu, choki zimebana na hazibadiliki. Muuzaji aliniambia mwili utazoea. Nilirudi nyumbani na shavu jeusi Jumapili baada ya Jumapili, hadi fundi alipokata milimita 12 za kitako kile kwa msumeno mbele ya macho yangu. Wiki iliyofuata shavu halikuuma.

Hatua ya 5: Kagua iliyotumika

Kwa pauni 1,000 hadi 1,500 unapata Beretta 686 au Miroku iliyotumika, na zote mbili ni imara. Naona heri hiyo kuliko bunduki mpya ya bei rahisi.

Toa ubao wa mbele unaoshikwa chini ya mitutu, shika kitako, tikisa mitutu. Isicheze bawabani. Wenzo wa kufungulia, bunduki ikiwa imefungwa, ukae kulia kidogo au katikati. Ukivuka kwenda kushoto, chuma kimelika. Chungulia ndani ya mitutu ukielekea dirishani: kivuli kilichopinda ni alama ya kubonyea. Kisha ining'inize mitutu kwenye kidole na uigonge kwa kifundo. Ikilia kama kengele, iko salama. Ikitoa mlio mfu wa kukwaruza, ukanda wa mitutu umeachia mahali. Kama utatumia risasi za chuma zenye nguvu kubwa, tafuta alama ya ua la yungiyungi iliyogongwa kwenye mitutu.

Hatua ya 6: Piga bamba kabla ya kulipa

Omba bamba la chuma lililopakwa chokaa, simama yadi 16, piga risasi tano mahali pamoja bila kujitahidi kulenga. Kila inchi moja ya kukosea hapo ni takriban sehemu moja ya 16 ya inchi kwenye kitako, na fundi hurekebisha hilo kwa urahisi. Halafu piga visahani 50. Ukilipa, polisi wapewe taarifa ndani ya siku 7, na kabati la chuma liwe limeshafungwa ukutani siku bunduki inapofika.