Zipu lenye nywila: soma hapa kabla hujalifungua

Wakuu, umetafuta programu ya kulipia, ukaipata bure ndani ya zipu au RAR (mafaili yaliyobanwa kuwa furushi moja), na pembeni pameandikwa: "Nywila: 1234". Nywila iliyobandikwa hadharani inamzuia nani? Wewe umepewa, kila mpita njia kapewa. Anayeachwa nje ni antivirusi. Yaliyomo yamefichwa kwa msimbo, hivyo ikilikagua faili haioni kitu, inalipitisha.

Hatua ya 1. Lifungue kwa 7-Zip (programu ya bure ya kufungua mafurushi hayo), tazama orodha tu, usitoe chochote. Zipu la kawaida huonyesha majina ya faili hata kabla ya nywila. RAR na 7z (aina ya furushi ya 7-Zip yenyewe) zinaweza kuficha hadi majina. Nikikuta hivyo mimi nafuta palepale.

Hatua ya 2. Linganisha ukubwa. Zipu la MB 8 linalotoa faili moja la MB 700 limejazwa sifuri tupu, maana sifuri zikibanwa hunywea karibu kuisha. Ujazo huo ni wa makusudi: vikaguzi vingi huruka faili kubwa, na VirusTotal, tovuti ya kukagua faili kwa antivirusi nyingi, kikomo chake ni MB 650.

Hatua ya 3. Iambie Windows ionyeshe mwisho wa majina ya faili. Isipofanya hivyo, "maelezo.pdf.exe", ambayo ni programu, utaiona kama "maelezo.pdf", ukidhani ni waraka.

Hatua ya 4. Soma maelekezo yao. Ukikuta "zima antivirusi kwanza", futa. Hatua ya 5 haipo.

Wageni wa humo wanajulikana. RedLine, Vidar na Lumma huiba nywila na kuki (vijifaili vinavyoiambia tovuti kwamba umeshaingia) zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, pamoja na pochi za sarafu za kidijitali. STOP/Djvu hufunga mafaili yako na kudai fedha.

Maswali ya wadau

*Antivirusi imelia, ila wao wanasema ni kawaida kwa kraki (programu ya kulipia iliyovunjwa kufuli). Kweli?*
Nusu kweli, ndiyo maana uongo huu unanunulika. Kraki huweza kuripotiwa hata kama haiibi chochote. Lakini kwa macho tu huwezi kuzitofautisha, basi amini kengele.

*Niliiendesha wiki iliyopita, haikufunguka, nikaifuta. Niko salama?*
Hapana, mkuu. Kutofunguka kwenyewe ni dalili. Hawa wezi humaliza kazi kwa dakika chache, wakati wewe bado unabofya tena na tena. Chukua kifaa kingine kilicho safi, badili nywila ukianzia barua pepe, kisha kwenye kila akaunti bofya "toka kwenye vifaa vyote" (sign out). Halafu futa diski na usakinishe Windows upya.

*Mbona nina uthibitisho wa hatua mbili?*
Mwizi mwenye kuki yako haingii mlangoni upya. Tovuti inamwona kama wewe uliyekwisha kuingia, haimuulizi msimbo. Ndiyo sababu nimesema utoke kwenye vifaa vyote.

*Nikiijaribu kwenye Windows Sandbox (Windows ya majaribio iliyotengwa ndani ya Windows yako) je?*
Haipo kwenye toleo la Home. Na hata ukiwa nayo, baadhi ya virusi hutambua viko kwenye mashine ya kuigiza, vikanyamaza. Ukimya huo utausoma vibaya.

*Sasa tutumie nini?*
Inategemea kazi. Nyaraka: LibreOffice. Picha: GIMP au Krita. Michoro ya vekta: Inkscape. 3D: Blender. Zote ni za bure. Pakua kwenye tovuti za wenyewe, wala hutaombwa nywila.