Mpe karanga abangue
Wazazi wenzangu wa Dodoma mnaomsomesha nyumbani mtoto mwenye upungufu wa umakini, msimlazimishe kukaa kitako saa nzima. Wangu ana miaka 8, na nilipoteza muhula mzima nikifoka "tulia!" Siku hizi nampa bakuli la karanga zenye maganda. Mikono inabangua, masikio yananisikiliza, na tukifika kwenye hesabu punje ndizo tunazojumlishia na kutolea. Nyingine zinaliwa kabla jibu halijapatikana, sawa tu.

Dakika 10 za somo, kisha anakimbia hadi kwenye mwarobaini na kurudi, au anabeba kidumu cha maji kupeleka jikoni. Agizo liwe moja: "fungua daftari", subiri afungue, ndipo useme lingine. Ukitoa matatu kwa mkupuo, mawili yanachukuliwa na upepo wetu huu. Hesabu ngumu tunazimaliza asubuhi, jua halijawa kali. Kiti kielekee ukutani, si barabarani kwenye bodaboda.

Kama bado hajapimwa, wataalamu wa afya ya akili wapo Hospitali ya Mirembe, hapa hapa mjini. Kuwauliza hakumfanyi mtoto kuwa chizi, jamani.