Kukunja ncha ya BRCA1 kwa shanga, waya na chelewa

Protini ya BRCA1, inayosaidia seli kurekebisha DNA iliyokatika, ina asidi amino (vipande vinavyoungana kuwa protini) 1863. Ukizitunga zote kwa shanga za milimita 6 utapata uzi wa zaidi ya mita 11, na kipindi kitaisha bado mnahesabu. Hapa tunatunga 100 za mwanzo tu, kwa sababu katika sehemu hiyo mwanafunzi wa Lamu anaweza kuona kwa macho jinsi herufi moja ya jeni inavyoharibu kazi. Tenga dakika 90.

Kila kikundi kipate shanga nyeupe 92, nyeusi 7, nyekundu 1, waya laini wa shaba wa sentimita 80, vipande vinane vya waya mwembamba vya sentimita 5, nati mbili ndogo, koleo, na chelewa moja iliyochomolewa kwenye ufagio.

Anza kutunga. Nyeusi ni sisteini, aina ya asidi amino, zile zinazoshika zinki, nazo zikae nafasi ya 24, 27, 39, 44, 47, 61 na 64. Nyekundu ni histidini, aina nyingine, nafasi ya 41. Zilizobaki zote nyeupe. Mmoja atunge, mwingine ahesabu kwa sauti. Ukikosea shanga moja mwanzoni, zote za mbele zimehama. Kunja ncha zote mbili za waya.

Sasa hesi, yaani sehemu ya protini iliyojizungusha kama springi. Zungushia shanga za 8 hadi 22 kwenye chelewa, halafu za 81 hadi 96, kwa mwelekeo wa skrubu ya kawaida. Kila mzunguko utakula shanga kama 4. Katika protini halisi ni 3.6. Chomoa chelewa taratibu. Hesi ikifumuka, waya wako ni mgumu mno.

Funga kipande cha waya mwembamba kando ya kila shanga ya rangi. Hiyo ndiyo mikono, na kila nati ni atomi moja ya zinki. Nati ya kwanza ishikwe na 24, 27, 44 na 47. Ya pili ishikwe na 39, 41, 61 na 64. Hapa ndipo vikundi vingi hukosea: hufunga kwa kufuata mstari, nne za mwanzo nati hii, nne za mwisho nati ile. Wakifanya hivyo wanapata mafundo mawili yanayoning'inia, kila moja kivyake. Mikono ikipishana ndipo kipande chote kinakaza, na hesi mbili zinasogeleana. Mwenzake BRCA1, protini iitwayo BARD1, naye ana hesi mbili. Zote nne hulala pamoja kama fito katika tita.

Kwa nini tita hilo? DNA ikikatika nyuzi zote mbili, seli inaweza kuunga ncha kwa ncha upesi, na mara nyingi herufi kadhaa hupotea. Au inaweza kunakili kutoka nakala pacha, kama fundi wa Matondoni anavyoweza kupima ubao wa ubavu mzima wa jahazi kabla ya kuchonga wa ubavu uliovunjika. BRCA1 na BARD1 husaidia kuandaa njia hiyo ya pili. Protini nyingine, PALB2 na BRCA2, huleta RAD51, protini inayotafuta nakala.

Kata mkono wa shanga ya 61. Ripoti ya maabara huandika badiliko hili p.Cys61Gly: sisteini imeondoka, imeingia glisini, isiyo na mkono wa kushika zinki. Tikisa. Kitanzi cha 48 hadi 60 kinalegea. Nati haitaanguka, maana shaba ina nguvu. Katika seli, zinki hiyo ya pili hushikwa vibaya na urekebishaji unadhoofika. Badiliko hili linajulikana sana katika familia za Poland.

Kisha badilisha shanga nyeupe moja kwa nyeupe nyingine. Hakuna kinachotokea, lakini usiwaambie wanafunzi kwamba nyeupe hazina maana: baadhi yake hujaza kiini cha protini, jambo ambalo modeli hii haionyeshi.

Swali la hatari ya saratani litaulizwa tu, kwa hiyo liwe na jibu. Mwanamke aliyerithi badiliko baya la BRCA1 ana uwezekano wa zaidi ya asilimia 60 wa kupata saratani ya matiti maishani. Si hakika, kwa kuwa nakala ya mzazi wa pili hufanya kazi hadi seli fulani iipoteze. Baba naye hurithisha. Jeni hii ipo kromosomu ya 17. Saratani nyingi za matiti hazitokani na urithi wa namna hii, na modeli ya shanga haimpimi mtu.

Modeli ikaushwe na kufungwa kwenye chupa yenye kifuniko. Hewa ya bahari hugeuza shaba kijani, na mikono myembamba ndiyo hukatika kwanza.