Ua wa Kayaba Nairobi: Kuupanda na Kuupogoa Usiwaachie Kuku Njia

Kuna ua wa kayaba, ule mti wa miiba wa kuzungushia kiwanja, ambao hata paka hupita kwa shida, na kuna mwingine uliojaa majani juu huku chini ni vijiti vitupu, kuku wa jirani wanaingia na kutoka watakavyo. Mmea ni uleule. Mwenye ua wa pili alinyima miche yake mkasi mwaka wa kwanza, akingoja ifike kifuani ndipo aanze kukata. Kayaba ikishaenda juu bila kukatwa, matawi ya chini huwa machache, na kuyarudisha ni kazi ya misimu kadhaa. Kwa hivyo hapa nitakaa sana kwenye mkasi na kupita haraka kwingine.

Hatua ya 1: Chagua msimu

Nairobi panda na mvua. Masika ni Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba. Mimi napendelea masika: mvua ikiisha, Juni hadi Agosti huwa na mawingu na baridi, udongo haukauki upesi, na mche unapata nafasi ya kushika. Uliopandwa na vuli unakutana na jua la Januari na Februari ungali mchanga. Ukiwa unaishi kwenye mgao wa maji, hilo si jambo dogo.

Hatua ya 2: Pima mpaka, kisha chimba Februari

Tafuta bikoni zote, yaani alama za mpaka wa kiwanja, kabla ya kugusa jembe. Vuta kamba kutoka bikoni hadi bikoni, kisha rudi ndani ya kiwanja chako angalau sentimita 60, hapo ndipo mstari wa miche. Ua ukinenepa utakuwa na upana wa karibu mita moja. Ukipanda juu ya mpaka wenyewe, nusu ya miiba ni ya jirani, na maneno yatakuja.

Chimba mtaro wa futi moja na nusu kwenda chini na upana kama huo. Kwenye udongo mwekundu wa Runda au Kabete, changanya udongo wa juu na samadi iliyooza vizuri, toroli moja kwa kila mita tatu hivi, urudishe. Samadi bado ina joto ukiingiza mkono? Iache kwanza.

Udongo mweusi wa Embakasi au South C una tabia zake. Ukilowa unavimba na kunata kwenye jembe, ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza vidole. Ukichimba ukiwa umelowa, jembe hulainisha kuta za shimo, maji yanatuama humo kama kwenye sufuria na mizizi inaoza. Uchimbe ukiwa mkavu, uvunje mabonge, changanya samadi nyingi zaidi, halafu inua tuta la futi moja na upande juu yake. Kumwaga mchanga kidogo, kama wengine wanavyoshauri, hakusaidii kitu.

Hatua ya 3: Nunua miche midogo

Kwenye vitalu vya kando ya barabara utavutwa na mche mrefu. Uache. Chukua wa futi moja au chini, wenye matawi tangu chini, na ugeuze karatasi uliyopandiwa utazame kitako: mizizi iliyotoka na kujizungusha inamaanisha mche umekaa humo muda mrefu mno. Ukikosa mwingine, kata ile mizizi iliyojizungusha kabla ya kupanda.

Hatua ya 4: Panda mistari miwili

Mistari iwe futi moja kutoka mmoja hadi mwingine, na miche futi moja na nusu kwa kila mstari, ikipishana: mche wa mstari wa pili utazame nafasi iliyo kati ya miwili ya kwanza. Kila shimo weka mbolea ya DAP ya kifuniko kimoja cha soda, uichanganye na udongo isiguse mizizi. Shindilia kwa kiganja, mwagilia, kisha tandaza nyasi kavu ukiacha upana wa kiganja kuzunguka shina. Kwenye mchwa wengi, punguza matandazo.

Hatua ya 5: Kata. Ndiyo, sasa hivi

Mche ukishaanza kutoa majani mapya, ukate ubaki kama shibiri moja kutoka ardhini. Wateja wengi hunishika mkono hapa. Tazama chini ya mahali ulipokata baada ya wiki chache: machipukizi kadhaa yanatoka pembeni palipokuwa na kikonyo kimoja kilichokimbilia juu. Hayo ndiyo yatakayoziba njia ya kuku.

Kila yakiongezeka shibiri moja, punguza nusu. Endelea hivyo hadi ua ufike urefu unaoutaka, hata ukichukua miaka mitatu. Umbo liwe pana chini na jembamba juu, mathalani sentimita 90 chini na 60 juu, ili jua lifike kwenye matawi ya chini. Simamisha vijiti viwili kila mwisho, funga kamba, ukate kwa kufuata kamba. Jicho peke yake hudanganya.

Tumia mkasi wa ua ulionolewa kwa tupa. Panga huchana tawi badala ya kulikata.

Hatua ya 6: Miiba na magugu

Mwiba wa kayaba unaweza kuwa mrefu kama kidole na hupenya gambuti. Vaa buti za ngozi, glavu za ngozi na miwani, na sindano ya pepopunda iwe bado ina nguvu. Fagia matawi yaliyokatwa siku hiyohiyo: mwiba mkavu njiani hutoboa gurudumu la bodaboda. Usiuweke kwenye matandazo.

Ng'oa nyasi ya Kikuyu na mizizi yake kabla haijapanda ndani. Chunguza pia lantana, maana ndege hula matunda yake na kuangusha mbegu uani.

Ukiwa umerithi ua uliokwisha kuharibika

Kayaba huchipua hata kutoka kwenye mti mzee, tofauti na sipresi, ambayo ukiikata kupita sehemu ya kijani haichipui tena. Mwanzoni mwa Machi, baada ya kuangalia kama kuna viota, kata upande mmoja hadi karibu na mashina makuu na ushushe kimo hadi kiunoni. Weka samadi chini. Upande wa pili uache hadi masika ya mwaka unaofuata, la sivyo utakaa na kiwanja wazi miezi kadhaa. Penye pengo kubwa panda mche mpya, lakini kwanza kata mizizi ya majirani zake kwa sururu, maana itaunyima maji. Na waya wa muda utahitaji.