Kabla Fundi Hajavuta Kamba: Kibali cha Banda la Uani

Dar es Salaam wengi tunaanza na banda la uani, nyumba kubwa inafuata Mungu akijalia. Vyumba viwili, choo, stoo ya kuwekea saruji. Familia inahamia, kodi ya kupanga inakoma, kiwanja cha mbele kinasubiri pesa. Na kwa kuwa ni banda tu, mtu haulizi popote. Fundi anakuja Jumamosi na kamba yake, wiki ikiisha tofali ziko usawa wa dirisha.

Sheria haina kitu kinachoitwa "banda tu". Kwa Sheria ya Mipango Miji ya 2007, ukiwa ndani ya eneo la mipango miji huendelezi kiwanja bila ruhusa ya mamlaka ya mipango, ambayo kwa mwananchi wa kawaida ni halmashauri yake. Ghorofa, stoo ya uani, hata ukuta wa uzio, vyote vinaombewa kibali.

Lakini kabla ya kibali, kabla hata ya ramani, tafuta bikoni zako, zile alama za mpaka wa kiwanja. Hili nalisema kwa uchungu. Shemeji yangu alipopima banda lake alianzia ukuta wa jirani, maana ukuta upo na unaonekana. Kumbe jirani alikuwa ametoka nje ya mpaka wake kama hatua mbili. Shemeji akalipokea kosa lile na kulisukuma upande wa pili, kona ya banda ikaingia barabara ya mtaa. Walipokuja kumsimamisha alikuwa ameshafunga linta. Upande mmoja ukabomolewa kwa nyundo, nondo zikabaki zimechomoza, na kwa miezi mingi dada yangu alianikia hapo sare za watoto. Bikoni yenyewe ilikuja kuonekana chini ya lundo la kokoto zake mwenyewe: chuma kwenye kizibo cha zege, namba juu yake. Kumlipa mpima aje kuzifufua bikoni kunauma, lakini linganisha na bei ya linta.

Mipaka ikishajulikana, tazama kiwanja kimekaa karibu na nini. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa, yaani ukanda usiojengwa, kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, zikihesabiwa kutoka katikati ya barabara, si ukingoni mwa lami kama mafundi wanavyopenda kupima. Ndiyo maana tukaanza kuona X za rangi mbili ukutani. Ya kijani ni kwa aliyefuatwa na barabara, huyo anangoja fidia. Nyekundu ni kwa aliyeifuata barabara, na huyo hana cha kungoja. Barabara za mitaani ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na upana wake unasomwa kwenye mchoro wa mipango miji wa eneo lenu. Usiamini macho: njia inayopitisha bajaji moja leo inaweza kuwa imechorwa pana zaidi.

Kwa mto, ziwa au bahari, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka uache mita 60 kutoka ukingoni. Watu wa bonde la Msimbazi waliijua namba hiyo Desemba 2015, tingatinga zilipofika. Kijito kinachokauka kiangazi kisikudanganye. Waulize wazee wa mtaa maji ya masika yalifika wapi.

Halafu jiulize kwa ukweli: banda hili litakuwa la nini? Hati nyingi zinataja matumizi ya kiwanja, na kwa kiwanja cha kawaida ni makazi. Stoo na chumba cha kijana havina neno. Ila banda likitobolewa mlango wa kutazama barabara likawa fremu, umeshahamia biashara, na kubadili matumizi ya ardhi ni maombi mengine kabisa, tena majirani wanapewa nafasi ya kupinga. Najua nusu ya fremu za mjini zilizaliwa hivyo hivyo. Hilo halimsaidii anayeandikiwa barua. Mifugo nayo ina yake: kanuni za kilimo cha mjini za 1992 ziliweka ukomo wa ng'ombe wanne, wa kufugwa ndani, na halmashauri zinaongeza sheria ndogo zao juu ya hapo. Kuku wa nyumbani hawana kelele nyingi, isipokuwa jogoo wa jirani yangu.

Makaratasi ni mepesi kuliko tunavyoogopeshana. Uthibitisho wa umiliki, risiti ya kodi ya pango la ardhi, na michoro ya mchoraji anayetambulika: ramani ya sakafu, mkato, sura za jengo, na mchoro wa kiwanja kizima unaoonyesha banda limekaa wapi. Maombi sasa hupita mtandaoni, kwenye mfumo wa TAUSI wa TAMISEMI, na malipo ni kwa namba ya malipo ya serikali. Atakayekwambia umtumie yeye kwa simu "akusukumie", muage kwa heshima. Kama eneo halijapimwa na ulichonacho ni mkataba wa mauziano wenye muhuri wa serikali ya mtaa, anza na ofisi ya ardhi: kuna urasimishaji, na kuna leseni ya makazi. Barua ya mwenyekiti inakutambulisha tu, haiwi kibali.

Huo mchoro wa kiwanja ndio wa kukaa nao na chai. Kuna nafasi ya kuacha mbele, ubavuni na nyuma. Vipimo vinategemea ukubwa na aina ya kiwanja, kwa hiyo vichukue kwa afisa mipango miji, usivichukue kwa fundi. Onyesha karo litachimbwa wapi na gari la kunyonya litapitia wapi, maana banda likiziba ubavu mmoja na nyumba kubwa ikaziba wa pili, mpira wa gari hilo utapita sebuleni. Angalia nyaya za umeme juu na bomba la maji chini. Angalia pia bati linamwaga upande gani. Banda lililobanwa ukutani na mteremko wa kwenda kwa jirani litammwagia kila mvua, na kesi ya maji ya bati hufika kwa mjumbe kabla tofali hazijakauka.

Kama una ndoto ya kupandisha ghorofa juu ya banda, iseme sasa. Ghorofa inataka michoro ya mhandisi, na msingi wa banda haubebi ndoto iliyokuja baadaye.

Kibali kikitoka, ficha chenyewe ndani na umwachie fundi kopi pamoja na michoro iliyogongwa muhuri. Mkaguzi akija atasimama nayo mkononi ahesabu vyumba. Fundi wa shemeji, mara ya pili, alikuwa ameongeza kibaraza "kwa ajili ya upepo". Walikivunja wenyewe jioni ile ile.